Laptopu ya kikoba inadai namba 48, na wenzangu wanadhani nimeficha mahesabu

Kaka mshauri, habari za kazi.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Moshi. Tupo 27. Tunakutana kila Jumatano saa kumi jioni, tunanunua hisa, tunakopeshana, na katikati ya Desemba tunavunja kikoba, kila mtu anachukua chake. Mahesabu yote nayatunza kwenye laptopu ya kikundi. Tuliinunua mtumba miaka miwili iliyopita, tukaitolea fedha kwenye mfuko wa jamii, na kijana wa dukani ndiye aliyetuwekea kila kitu pale pale kaunta.

Wiki mbili zilizopita, Jumatatu usiku, iliandika kwamba inajisasisha na nisiizime. Nikaiacha, nikalala. Asubuhi nakuta skrini ya bluu, maneno ya Kiingereza, na kisanduku cha kuandikia. Nikajua ni nywila ya kawaida. Nikaweka PIN yangu ninayofungulia kila siku, ikakataa. Nikataka kuweka nywila ya barua pepe, haikubali hata kuandika herufi, inapokea namba tu. Nasema ukweli, niliweka mpaka namba ya siri ya fedha za simu. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenisomea: inataka namba 48. Arobaini na nane! Tangu tununue mashine ile sijapewa namba kama hizo, wala sijawahi kuziona.

Nilimpelekea fundi. Aliangalia dakika mbili, akasema dawa ni kupiga Windows upya, elfu thelathini, ila kila kilichomo kitafutika. Kijana mwingine anasema ana programu ya kuvunja, anataka laki na nusu, nusu itangulie. Laptopu bado iko kwa fundi, anasubiri nimwambie neno.

Kinachoniuma zaidi si mashine. Jumatano iliyofuata nilipowaeleza wenzangu, mmoja alisema mbele ya wote, "Namba zinajiwekaje zenyewe? Aliyeziweka ndiye anayezijua." Mwenyekiti alinyamaza, na hakuna aliyenitetea. Mimi ni katibu mwaka wa nne huu, na hesabu haijawahi kupishana hata shilingi mia. Imebaki wiki tano tuvunje kikoba. Usingizi sina.

Nilikosea wapi? Namba hizo nizitafute wapi? Na wenzangu niwaambie nini?

Katibu, Moshi

*

Dada Katibu, nzuri, na pole sana.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie fundi simu umwambie asiguse kitu chochote, kisha nenda ukaichukue laptopu leo hii. Kupiga Windows kutaiponya kompyuta na kuyaua mahesabu. Kwa sasa mahesabu yako yamo humo, mazima kama ulivyoyaacha Jumatatu usiku. Zile namba ulizojaribu hazikufuta kitu. Pale ukikosea, inakukatalia tu. Ila ile namba ya siri ya fedha za simu usiiandike tena kwenye kisanduku chochote kisichohusika na simu yako. Siku nyingine kisanduku cha namna hiyo kitakuwa cha mwizi.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana swali la yule mwenzako, ingawa alilisema kwa ukali, ni swali zuri na lina jibu.

Nadhani kikoba chenu kina sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti. Ndani ya laptopu yenu pia kuna kufuli. Linaitwa BitLocker, na limetengenezwa kwa ajili ya siku mashine itakapoibiwa: kila kilichomo kwenye diski huvurugwa kwa fumbo, kiasi kwamba mwizi akiichomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta nyingine haoni jina wala hesabu. Siku zote hukujua kama lipo kwa sababu ufunguo wake unashikwa na chipu ndogo iitwayo TPM, iliyomo humo humo ndani ya mashine. Kila unapowasha, chipu hiyo huzikagua programu zinazoiamsha kompyuta, moja baada ya nyingine, kama mshika ufunguo anayetazama nyuso za waliofika mkutanoni. Akiwaona ni walewale, anafungua bila kusema neno.

Usiku ule sasisho lilibadilisha mojawapo ya programu hizo za mwanzo. Mshika ufunguo akaona uso mgeni, akagoma. Akasema: sifungui mpaka mniletee ufunguo wa akiba. Ufunguo huo wa akiba ndio hizo namba 48. PIN yako haikufaa kwa sababu ni ya mlango wa Windows, na wewe ulikuwa bado umesimama getini.

Hukukosea popote. Kuacha kompyuta ijisasishe ndivyo inavyotakiwa. Na si wewe peke yako uliyefungiwa nje. Masasisho ya Windows ya tarehe 9 Julai 2024 yalizifanya baadhi ya kompyuta ziamke zikidai namba hizi hizi, na Microsoft ikatoa marekebisho tarehe 13 Agosti mwaka huo. Mei 2025 likatokea tena, safari hii kwa baadhi ya kompyuta za Windows 10 zenye prosesa za Intel, na marekebisho ya dharura yakatolewa baada ya siku chache. Haya yameandikwa na kampuni yenyewe. Binti yako anaweza kuyatafuta kwenye simu uwaonyeshe wenzako.

Je, namba zinajiwekaje zenyewe? Kweli kabisa, zinajiweka. Kwenye kompyuta nyingi zenye Windows 10 au 11, siku mashine inapoandaliwa mara ya kwanza, mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, kufuli hujiwasha na nakala ya namba 48 hupelekwa kimya kimya kwenye akaunti hiyo. Hakuna karatasi inayotoka, na anayeandaa haulizwi. Tangu toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, kompyuta zinazofanyiwa hivyo zimeongezeka. Huu mtindo wa kumfungia mtu nyumba bila kumwambia ufunguo umewekwa wapi siupendi hata kidogo, na ningependa kila duka linalouza laptopu limweleze mnunuzi kabla hajaondoka kaunta.

Kwa hiyo kazi yako sasa ni kuitafuta akaunti iliyotumika siku ile kaunta. Ukiipata hiyo, namba 48 umezipata.

Washa laptopu na upige picha ile skrini ya bluu kwa simu. Pamoja na maelezo utaona mstari wenye herufi na namba zilizochanganyika. Huo ni utambulisho wa ufunguo, na unaouhitaji ni zile 8 za mwanzo. Kwenye matoleo mapya skrini hiyo huonyesha pia sehemu ya barua pepe ya akaunti yenyewe, kwa hiyo angalia vizuri kila kona. Kisha kwenye simu fungua aka.ms/myrecoverykey na uingie kwa akaunti unayodhani ndiyo. Ikiwa ndiyo, utaona jina la kompyuta, zile herufi 8, na pembeni yake namba 48. Herufi 8 za kwenye simu na za kwenye skrini lazima zilingane. Zisipolingana, huo ni ufunguo wa mashine nyingine.

Akaunti hujui ni ipi? Anza na barua pepe zako zote, hata ile ya zamani uliyofunguliwa kwa ajili ya maombi fulani na hujaigusa tena. Tafuta ujumbe wowote kutoka Microsoft wa tarehe iliyo kwenye risiti ya laptopu. Pekua na meseji za simu za siku hiyo hiyo: akaunti ikifunguliwa kwa namba ya simu, hutumwa namba ya uthibitisho, na watu wengi hatufuti meseji. Muulize na mweka hazina, maana siku ya kununua hukwenda peke yako, na huenda simu iliyokuwa na chaji ilikuwa ya mwingine. Ukurasa wa kuingilia wa Microsoft una sehemu ya waliosahau jina la akaunti. Unaweka namba ya simu, inakuletea jina. Kama akaunti ilifunguliwa kwa laini yako iliyopotea, nenda na namba yako ya NIDA kwenye duka la mtandao wako wairudishe, kama bado haijapewa mtu mwingine.

Zote zikishindikana, rudi dukani kwa yule kijana. Hapa nakuomba sana uende kwa upole. Wauzaji wengi wana barua pepe moja wanayoandalia kompyuta za wateja wote ili kazi iende haraka, na kijana anaweza hata asijue kwamba funguo za watu zimelundikana kwenye akaunti yake. Ukimwendea na maneno ya wizi atakana kila kitu. Mwambie hivi: "Mdogo wangu, hukukosa, naomba tu uingie kwenye ukurasa huu tutafute herufi hizi nane." Mpe ile picha ya skrini. Kama akaunti bado anayo, mtamaliza hapo hapo mmesimama.

Wakati unatafuta, jaribu na haya madogo. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa, uzime, uwashe tena. Mara nyingine flashi iliyosahaulika ubavuni inatosha kumfanya mshika ufunguo aone uso mgeni. Na muulize fundi kama kwenye zile dakika mbili alibadilisha chochote kwenye mipangilio ya mwanzo, ile inayofunguka kabla ya Windows. Kama alibadilisha, arudishe kama ilivyokuwa.

Yule kijana wa laki na nusu achana naye. Hakuna programu ya mtaani inayokisia namba hizi, na hata Microsoft haiwezi kukupa kama hazimo kwenye akaunti yako. Anayeomba nusu itangulie, nusu hiyo ndiyo biashara yake yote. Na kwa kuwa wasomaji wengine nao watakutana na visanduku kama hivi: skrini ya kweli hutokea kabla Windows haijafunguka na haidai fedha. Ikitokea katikati ya intaneti ikiwa na namba ya simu ya kupiga haraka, funga ukurasa huo, usipige.

Ukizipata namba, ziko makundi 8 ya tarakimu 6. Vistari vya katikati vinajiweka vyenyewe. Unajua picha ya simu inavyoweza kufanya 8 ionekane 3. Nakupa njia ya kukagua ambayo wewe mtu wa mahesabu utaipenda. Kila kundi la tarakimu 6 lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki. Tuseme umesoma 415233: gawa kwa 11, inabaki. Isome tena kama 415283: inatoka 37753 kamili. Basi pale palikuwa na 8.

Sasa, lazima nikuambie na upande mwingine. Ikiwa akaunti ile haipatikani kabisa, hakuna fundi wa Moshi, Dar es Salaam wala Marekani atakayeyatoa mahesabu yale. Hata hivyo diski usiifute. Mwambie fundi aichomoe, uifunge kwenye bahasha, uandike tarehe na herufi zile 8, uihifadhi. Anunue diski nyingine, aweke Windows kwenye hiyo mpya, mwendelee na kazi. Miezi sita baadaye kijana wa dukani anaweza kuikumbuka ile barua pepe, na diski ya zamani itafunguka kama jana.

Na mahesabu yenyewe, dada yangu, hayakuwa kwenye laptopu peke yake. Kila mwanachama ana kitabu chake. Kila Jumatano umempigia mihuri ya hisa, na kurasa za mikopo zina tarehe na saini. Vitabu 27 ndivyo hesabu ya mwanzo. Laptopu ilikuwa nakala. Waombe wote waje navyo. Ketini wanne: wewe, mweka hazina, mwenyekiti, na yule aliyekusema. Mmoja anasoma mihuri, mmoja anaandika, mmoja anajumlisha, mmoja anahakiki. Kisha linganisheni na fedha iliyomo sandukuni, mikopo iliyo nje, na taarifa ya simu au benki mnapotunzia akiba. Ni kazi ya mchana mmoja, labda na jioni yake. Tafuta pia kwenye WhatsApp: kama uliwahi kumtumia mwenyekiti ripoti ya robo mwaka, faili lile bado lipo, na utakuwa na pa kuanzia.

Kuhusu wenzako. Naelewa ukimya wa mwenyekiti ulivyokuumiza, na miaka minne bila kupishana shilingi mia haikustahili ukimya ule. Lakini usiende kujitetea kwa maneno. Yule mama anaogopa, kwa sababu fedha yake ya mwaka mzima iko nyuma ya skrini asiyoielewa, na mtu mwenye hofu hiyo anatulizwa na kile anachokiona. Mpigie mwenyekiti kabla ya Jumatano, mweleze habari za sanduku na mshika ufunguo kama nilivyokueleza, na umwombe akupe dakika kumi za mwanzo.

Kama utakuwa umezipata namba, usizibonyeze nyumbani. Vumilia. Nenda na laptopu mkutanoni ikiwa imefungwa vilevile, iweke mezani karibu na sanduku, iwashe, kila mtu aione ile bluu. Mpe yule mama karatasi ya namba asome kwa sauti, kundi kwa kundi, wewe ukibonyeza. Ikifunguka, cha kwanza nakili mahesabu yote kwenye flashi mbele yao, flashi akae nayo mweka hazina. Nenda kwenye mipangilio uangalie ni akaunti gani iliyoingia. Kama ni ya kijana wa dukani, ibadilishe iwe ya kikundi, yenye namba za simu za watu wawili. Kisha rudi aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti hiyo mpya uone kama ufunguo umeingia. Kama haumo, fungua sehemu ya kufuli kwenye mipangilio na uuhifadhi upya huko. Ukiona mashine inadai namba kila inapowashwa, sehemu hiyo hiyo lisimamishe kufuli kwa muda, uwashe upya, kisha ulirudishe. Mara nyingi mshika ufunguo huzizoea nyuso mpya. Kwenye laptopu yenye toleo la kawaida la Windows utakuta kitufe cha kulizima na kuliwasha tu, na kulizima huko huchukua muda mrefu, basi iache imechomekwa kwenye umeme.

Kama Jumatano itafika bila namba, nenda na laptopu hivyo hivyo, na waombe vitabu.

Kwa vyovyote vile, siku namba zitakapopatikana ziandikwe kwa wino kwenye karatasi safi, makundi 8, na juu yake zile herufi 8 za utambulisho. Ikunjeni, muiingize kwenye sanduku la chuma, na wale watatu wafunge makufuli yao.